Kiambatisho: Kihifadhi Kwanza, Ndipo Ukihariri

Niliwahi kufungua ripoti iliyoambatishwa kwenye barua pepe na kuanza kuihariri papo hapo. Nilifanya kazi kwa muda wa saa tatu, nikihifadhi kila baada ya dakika chache, kisha nikazima kompyuta nikiwa sina wasiwasi wowote. Kesho yake nilipoifungua barua ileile, ripoti ilikuwa vilevile kama ilivyotumwa, haina hata koma yangu moja.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba kiambatisho ni faili lililolazwa kando ya barua. Kwa kawaida kimo ndani ya barua yenyewe, kikiwa kimegeuzwa kuwa maandishi kwa utaratibu uitwao MIME, uliochapishwa mwaka 1992, ambapo kila baiti 3 huandikwa kwa herufi 4. Ndiyo maana faili la MB 20 huvuka MB 27 likiwa safarini, na seva yenye kikomo cha MB 25 huweza kulikataa huku mtumaji akiapa kwamba hajazidisha. Unapokibofya, programu hukirudisha katika umbo lake la awali, huweka nakala kwenye folda ya muda na kukufungulia nakala hiyo, barua haiguswi. Kazi yangu yote ilikuwa ikihifadhiwa kwenye folda hiyo, ambayo programu nyingi huisafisha zinapofungwa. Yakikupata hayo, usifunge chochote: hifadhi faili kwa jina jipya mahali unapopajua.

Suala la nafasi kwenye diski nalo lina mitego yake. Thunderbird, programu ya barua pepe ya kwenye kompyuta, isipobadilishwa mipangilio, huhifadhi barua zote za folda moja katika faili moja refu, na barua unayoifuta huwekewa alama tu. Nafasi hairudi mpaka folda ibanwe, yaani barua zenye alama hiyo ziondolewe kabisa kwenye faili. Programu hiyo pia hukuruhusu kukitenga kiambatisho, yaani kukihamishia kwenye folda yako na kuacha ndani ya barua kiungo cha kulifikia faili, lakini ukilihamisha faili hilo baadaye kiungo hakitafunguka. Tena, kwa akaunti ya IMAP, yaani ile ambayo barua hukaa kwenye seva na kuonekana kwenye vifaa vyako vyote, kutenga huko hukiondoa kiambatisho hata kwenye seva, kwa hiyo usikitafute kwenye simu. Mimi hutenga vile vikubwa tu, baada ya kunakili faili kwenye diski ya pili.