Mnaoanza bendi ya blues rock, andikeni kwanza nani katunga nini

Nimepiga besi kwenye blues rock miaka 11, bendi mbili, lebo hatujawahi kuwa nayo na meneja tuliyempata alidumu miezi mitano, kwahiyo haya ni maneno ya mtu aliyekuwa anabeba spika mwenyewe saa nane usiku.

Wengi mnaoanza swali la kwanza huwa ninunue gitaa gani. Hilo baadae. Bendi yangu ya kwanza haikufa kwa kukosa mashabiki, ilikufa kwa wimbo mmoja uliofanya vizuri. Tulikuwa marafiki, nani angeanza kuongelea asilimia, ikaonekana kama uchoyo, basi wimbo ukaanza kuingiza hela kidogo na mwimbaji akawa keshausajili kwa jina lake peke yake, na ile rifu (kipande kifupi cha gitaa kinachojirudia) ambayo watu wanaiimba kwa mdomo ilikuwa ya mpiga gitaa. Mwimbaji hata hakuiba, nadhani kweli aliamini mwenye maneno ndo mwenye wimbo.

Na blues inachanganya zaidi hapo maana baa 12 (sio za pombe, ni vipimo 12 vya mapigo vinavyojirudia) na kodi tatu za gitaa ni za kila mtu, hakuna wa kusema kazitunga, so unajiona huna cha kugawana. Kumbe vipo: maneno, melodi, rifu. Hata wakubwa yamewakuta, Willie Dixon, mtunzi wa blues, aliwashtaki bendi ya rock ya Led Zeppelin mwaka 1985 kwa maneno yake kuonekana kwenye wimbo wao, wakamalizana nje ya mahakama 1987 na jina lake likaja kuwekwa kwenye utunzi. Kwahiyo siku wimbo unakamilika mazoezini, kabla hamjazima ampu (kikuza sauti cha gitaa), karatasi moja, majina, asilimia, sahihi, basi. Mkingoja mpaka studio, kila mtu atakuwa keshakumbuka anavyotaka yeye.

Halafu msichanganye wimbo na rekodi. Wimbo ni utunzi, rekodi ni ile mliyoipiga nyie siku ile, haki ni mbili na hela zinapita njia mbili. Msambazaji wa mtandaoni (anayewapandishia nyimbo kwenye mitandao ya muziki) anawaletea ya rekodi, sehemu kubwa ya utunzi inapitia chama cha hakimiliki, msipojisajili huko hamtaisikia. Ukipiga wimbo wa mtu, rekodi ni yako ila utunzi unabaki wake. Na kila rekodi iwe na ISRC yake, ile namba ya kuitambulisha rekodi, herufi na tarakimu jumla 12, wasambazaji wengi wanawapa bure.

Studio ya gharama msiikimbilie. The Black Keys, bendi ya blues rock, albamu yao ya pili, ya 2003, waliirekodi kwenye basement (chumba cha chini ya nyumba) ya mpiga dramu wao, na mikwaruzo yake ndo watu wakaipenda. Sisi tulikopa tukaingia studio kubwa siku tatu, mbili zikaisha tunatafuta sauti ya dramu, deni tukalipa mwaka mzima wa shoo.

Sasa gitaa, haya. Tatizo sio gitaa, ni ampu. Wati 100 sio mara kumi ya sauti ya wati 10, sikio linasikia kama mara mbili hivi, na ule mkwaruzo mtamu wa ampu za taa (zile za mirija ya kioo ndani, sio transista) unakuja taa zikisukumwa sana, sasa ampu kubwa kwenye kaukumbi kadogo hufiki hapo kabla mwimbaji hajanuna na fundi sauti hajakuja kukushika bega. Nunua ndogo, iwekee maiki mbele.

Tisheti uzeni wenyewe, na mezani akae mwanabendi dakika tano tu baada ya shoo, sio binamu. Kwetu alikaa mpiga dramu, jasho linamtoka, haongei sana, ila saizi kubwa zilikuwa zinaisha kila mara na mpaka leo sijui alikuwa anawaambia nini.