Maswali na Majibu: Tunasafiri, Mnyama Abaki na Nani?

Likizo zikikaribia, barua nyingi zinazotufikia zinauliza jambo hilihili. Tumejibu tano.

SWALI: Nina paka wawili, dume na jike, na tunasafiri kwa siku 10. Jirani amejitolea kupita kila baada ya siku tatu kuwajazia chakula na maji. Mume wangu anaona heri tuwapeleke kwenye kituo cha kutunzia wanyama. Tufuate lipi?

JIBU: Wabaki nyumbani. Paka wengi hutulia zaidi mahali walipopazoea kuliko ugenini, hata ugenini pakiwa pazuri kiasi gani. Ila siku tatu ni nyingi mno. Jirani aje kila siku, na akiweza mara mbili.

Upweke si tatizo kubwa hapa. Paka dume huweza kuziba njia ya mkojo, na ikiziba kabisa, sumu hupanda kwenye damu na anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Paka mnene naye akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwilini hukimbilia kwenye ini na kulilemea. Hali zote mbili hutibika zikiwahiwa. Jirani anayekuja kila baada ya siku tatu hataziwahi.

Kwa mwenye paka wawili kuna na mtego mwingine: bakuli likikutwa tupu, mlezi huamini wote wamekula, kumbe mmoja amekula vya wawili. Weka mabakuli mawili mbalimbali, na umwombe jirani akae robo saa aone kila paka akila. Kisha aende kwenye sanduku la mchanga. Mchanga unaogandamana husaidia sana, kwa sababu madonge ya mkojo yanahesabika. Anza kuyahesabu wewe mwenyewe siku tatu kabla ya safari, umwachie idadi ya kawaida. Akiona madonge madogomadogo mengi kuliko kawaida, au dume anachuchumaa mara kwa mara bila kitu kutoka, huku akilia au kujilamba sehemu za siri, ampeleke kliniki saa hiyohiyo. Asisubiri kukuche.

Masanduku yawe matatu, yaani moja zaidi ya idadi ya paka. Maji yawekwe sehemu mbili, maana bakuli moja likipinduliwa asubuhi hakuna wa kulijaza hadi kesho. Milango ya makabati ifungwe, na ya vyumba izuiwe isijibamize. Paka kujifungia chumbani kusiko na maji ni jambo la kila mara. Na jirani asilete maua ya yungiyungi kama zawadi ya kuwapokea: hata chavua yake, yaani unga wa ua, ikigusa manyoya na paka akajilamba, figo zinaweza kufa.

SWALI: Sisi mbwa wetu hatuna wa kumwachia, kwa hiyo ataenda kituoni. Tukague nini?

JIBU: Anzeni na chanjo, na anzeni mapema. Kituo kisichowauliza kadi ya chanjo hakikuwauliza wengine pia, na hilo pekee ni sababu ya kugeuza gari. Zaidi ya chanjo za kawaida na ya kichaa cha mbwa, ulizieni ile ya kikohozi cha mabandani. Ugonjwa huo husambaa kwa hewa na kwa mabakuli ya pamoja, na dalili zinaweza kuchelewa hadi wiki mbili, hivyo mbwa hurudi nyumbani mzima kisha akaanza kukohoa kama aliyekwamwa na mfupa. Chanjo haizuii kila kisa, lakini hupunguza makali. Ipigwe wiki mbili au zaidi kabla ya safari, isiwe siku ya kuondoka.

Mkifika, ombeni kuona mahali pa kulala, si ofisi tu. Ulizeni swali moja ambalo wenye vituo hawalipendi: usiku nani analala hapa? Angalieni pia kama kuna milango miwili kati ya banda na barabara, ili mmoja ufungwe kabla mwingine haujafunguliwa. Mbwa wengi wanaopotea ugenini hupotea siku za mwanzo, wakati wa kutolewa kutembea. Kola ibane kiasi cha vidole viwili kupita chini yake, visizidi. Mbwa mwenye shingo nene kuliko kichwa apewe mkanda wa kifuani, kwa sababu atarudi nyuma na kuivua kola. Kama ana chipu ya utambulisho chini ya ngozi, hakikisheni namba ya simu iliyosajiliwa ni mnayoitumia sasa.

Chakula kiwe chake mwenyewe, kimepimwa mlo kwa mlo kwenye mifuko, na mifuko ya siku tatu za akiba endapo safari itachelewa. Kubadilishiwa chakula ghafla, juu ya wasiwasi wa ugenini, huleta kuhara, na kituo hakitajua kama ni ugonjwa au ni chakula. Mlazeni usiku mmoja wa majaribio wiki chache kabla. Akigoma kula usiku huo mmoja si ajabu. Akijiumiza kwa kukwaruza mlango, tafuteni mtu wa kulala naye nyumbani.

SWALI: Paka wangu ana kisukari na anachomwa insulini mara mbili kwa siku. Dada yangu yuko tayari kumchoma ila anaogopa. Nimwelekeze nini?

JIBU: Hofu yake ina maana, lakini sindano yenyewe ndiyo iliyo rahisi. Kinachoua ni kipimo.

Anzeni na bomba la sindano. Kuna insulini yenye yuniti 40 kwa mililita na nyingine yenye yuniti 100, na kila moja ina bomba lake. Tuseme paka anatakiwa yuniti 4. Insulini ya 100 ikivutwa kwa bomba la 40 hadi alama ya 4, zitaingia yuniti 10, mara mbili na nusu ya dozi. Ikiwa kinyume, ataingiwa na yuniti 1.6 tu. Namba iliyo kwenye chupa na iliyo kwenye bomba zifanane. Acha mabomba ya kutosha safari nzima na ziada, ili dada asilazimike kununua asichokijua.

Utaratibu ni huu: kwanza chakula, kisha sindano. Paka asipokula, au akitapika alichokula, dada asimpe dozi nzima kama kawaida. Ampigie daktari kwanza, na afadhali daktari awe ameshaandika maelekezo ya hali hiyo kabla hujaondoka. Paka akiruka, sindano ikachomoka na dawa ikalowesha manyoya, asirudie. Kukosa dozi moja ni afadhali kuliko kupata mbili, na hili mwambie mara mbili, kwa kuwa mtu mwangalifu ndiye anayeelekea kurudia. Kila dozi iandikwe saa yake ukutani.

Sukari ikishuka, paka hulegea, huyumba, hutetemeka, hata kupata degedege. Dada ampake asali au sukari iliyoyeyushwa kwenye fizi huku kliniki ikipigiwa simu. Asimmiminie kooni, itaingia mapafuni. Insulini ikae kwenye friji lakini mbali na sehemu inayogandisha: ikiganda, hata ikiyeyuka tena, itupwe.

Fanyeni mazoezi pamoja siku tatu, yeye akichoma na wewe ukitazama.

SWALI: Samaki wangu wa tangini watakaa wiki moja. Nimwachie mtu chakula?

JIBU: Samaki wazima wenye afya huvumilia wiki bila kula. Wanachokufa nacho ni wema wa mlezi: anamwaga kiganja kizima, mabaki yanaoza, sumu ya amonia inapanda majini, na ukirudi maji ni meupe kama maziwa. Ukiona lazima walishwe, pakia kila mlo kwenye kikaratasi chake na ufiche kopo. Badilisha robo ya maji siku tatu nne kabla, si asubuhi ya safari, ili kikiharibika kitu ukione ukiwa bado upo. Samaki wachanga ni habari nyingine. Hao wanahitaji kulishwa.

SWALI: Na sungura?

JIBU: Huyo ndiye wa kuogopewa kuliko wote waliotajwa hapa, ingawa watu humwona mnyama rahisi. Utumbo wake haupaswi kusimama. Akipitisha saa 12 bila kula wala kunya ni dharura, kwa hiyo mlezi apite asubuhi na jioni, aangalie kama nyasi kavu zimepungua na kama vidonge vya kinyesi ni vingi na vikubwa kama kawaida. Wakati wa joto amgeuze atazame chini ya mkia: nzi wakitaga kwenye manyoya machafu, funza huanza kula nyama ndani ya siku moja.

Kwa wote watano, andikeni barua kwa kliniki kabla ya kuondoka: jina la mlezi, ruhusa ya kumtibu mnyama, kiasi cha juu cha fedha ambacho kinaweza kutumika bila kuwauliza, na nani aamue mkiwa hampatikani kwa simu. Nakala moja ibaki kliniki, nyingine kwa mlezi. Bila karatasi hiyo, huenda daktari akasita kufanya upasuaji, na paka aliyeziba mkojo hana saa za kusubiri ndege itue.