Lava ya Lengai ni nyepesi, mbona mlima ulilipuka?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mjukuu wangu wa kidato cha pili amenishinda kwa swali. Shuleni amefundishwa kwamba volkano yenye lava nyepesi hutiririka kwa utulivu na yenye lava nzito hulipuka, na kwamba lava ya Ol Doinyo Lengai ni nyepesi kuliko zote. Lakini mimi nakumbuka mwaka 2007 jinsi nyumba zilivyotikisika, kisha mlima huo ukarusha majivu angani. Imekuwaje? Na Meru, tunaoishi chini yake, umekufa au umelala? – Bibi wa Usa River, Arusha.

JIBU: Shikamoo, Bibi. Mjukuu wako amefundishwa sawasawa, nawe unakumbuka sawasawa. Kilichosalia ni habari ya gesi.

Miamba iliyo chini ya ganda la dunia ina joto kali sana, lakini sehemu kubwa haijayeyuka, kwa sababu imekandamizwa na uzito wa miamba iliyo juu yake. Katika Bonde la Ufa ganda hilo linavutwa na kuwa jembamba, mgandamizo unapungua, na sehemu ya mwamba inayeyuka na kuwa magma, ambayo hupanda ikiwa na gesi ndani yake. Inapokaribia juu, gesi hiyo hutoka kwa mapovu. Tazama chai inapochemka: mapovu hupasuka bila fujo. Uji mzito wa ulezi, kinyume chake, huyazuia mapovu mpaka yanapasuka kwa nguvu na kukuunguza mkono. Kinachoifanya magma iwe nzito ni hasa silika, madini yaliyo mengi kwenye mchanga. Ikiwa nyingi, gesi hunaswa na mlima hulipuka, kama Pinatubo wa Ufilipino mwaka 1991. Ikiwa kidogo, lava hutiririka, kama ilivyo kwenye volkano za Hawaii.

Lava ya kawaida ya Lengai haina silika karibu kabisa. Imejaa kaboneti za sodiamu na potasiamu, ndugu wa magadi ya Ziwa Natron lililo jirani, na hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi za Selsiasi, wakati lava ya basalti, ile ya kawaida kama ya Hawaii, hufikia 1,100 au zaidi. Hutoka nyeusi, kisha hugeuka nyeupe inapokutana na unyevu wa hewa. Hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava ya namna hii, na kwa maoni yangu kila mtoto wa Arusha angepaswa kulijua jambo hilo kabla ya kujifunza habari za Vesuvius.

Mwaka 2007, hata hivyo, chini ya mlima huo ilipanda magma nyingine yenye silika. Matetemeko ya Julai, ambayo kubwa kati yake lilifikia kipimo cha 5.9, yalitokea wakati ardhi ilipokuwa ikipasuka na magma ikipenya humo. Magma hiyo ilipochanganyika na ile ya kaboneti, kaboneti zilivunjika na kutoa gesi nyingi ya kaboni dioksidi kwa ghafla, na Septemba mlima ukaanza kulipuka. Milipuko iliendelea hadi mwaka 2008. Kwa hiyo kanuni ya shuleni haikuvunjika: aina ya magma ndiyo iliyobadilika.

Kuhusu Meru, Bibi, umelala, haujafa. Mlipuko wake wa mwisho, uliokuwa mdogo, ulitokea mwaka 1910. Ukiutazama kutoka upande wa mashariki utaona kwamba ubavu mzima haupo: uliporomoka miaka elfu kadhaa iliyopita, na maziwa ya Momella yamekaa katika mabonde ya kifusi chake. Ndani ya pengo hilo imesimama koni ya majivu, iliyojengwa na milipuko iliyofuata baada ya maporomoko hayo. Volkano iliyolala kwa kawaida hutoa dalili kabla ya kuamka, hasa matetemeko madogo ya mara kwa mara na ardhi kuvimba, na dalili hizo hupimwa kwa vyombo.