Pipa la Wasomaji: Kabla ya Hopsi, Nionyesheni Kipimajoto

Toleo lililopita niliomba mniletee mapishi ya bia mnayopanga kupika, na vipimo vyake, si majina tu. Mmeleta, tena kwa wingi. Nimeyapitia yote na lalamiko langu ni moja. Kimea (nafaka iliyooteshwa na kukaushwa) mnakieleza kwa gramu, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) mnazieleza kwa dakika, halafu barua inaishia "kisha natia hamira na kuacha ichachuke". Ichachukie wapi? Kwenye joto la nyuzi ngapi? Hapo ndipo bia inapopatikana au kupotea, na hapo ndipo karibu wote mmeruka.

Haya, tuanze.

Shikamoo Mama. Napanga bia ya rangi nyepesi, "pale ale", ya lita 20. Kimea cha msingi kilo 4, Munich gramu 300, kimea cha ngano gramu 300, cha karameli gramu 300, cha chokoleti gramu 100. Hopsi ni Cascade, Centennial, Citra na Simcoe, gramu 25 kila moja, nitatia dakika ya 60, 30, 15 na 5 kabla ya kuzima jiko. Je, niongeze aina ya tano nikishazima?
*Mpenda Hopsi*

Marahaba mwanangu. Usiongeze, punguza. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na hapa umepakia manahodha wanne juu na watano chini. Ukionja bia hiyo ukaipenda, hutajua ni kipi ulichokipenda. Ukiichukia, hutajua cha kutoa.

Kimea cha chokoleti kiondoe kabisa. Hizo gramu 100 zinatosha kuigeuza pale ale yako ikawa ya kahawia. Munich na ngano vitakuja siku nyingine. Bakiza kimea cha msingi kilo 4.5 na karameli ya wastani gramu 300, ukilaze, yaani ukiloweke kwenye maji ya moto, kwenye nyuzi 66 au 67 kwa saa moja. Ukikusanya lita 20 vizuri, haidromita (kifaa kinachoonyesha sukari iliyomo) itakaa karibu na 1.050. Ikishuka hadi 1.011, toa ya mwisho kwenye ya mwanzo, zidisha kwa 131, utaona kileo ni asilimia 5 na ushee.

Kuhusu hopsi, ile ya dakika ya 30 inapotea bure. Uchungu unataka muda mrefu jikoni ili asidi za alfa zibadilike, ilhali harufu inaruka na mvuke ndani ya dakika chache. Ya katikati haikupi uchungu wote wala harufu ya maana. Chukua Centennial gramu 20 kwa dakika 60, basi. Cascade gramu 30 zikibaki dakika 10, na nyingine gramu 50 ukishazima jiko. Cascade ilitolewa kwa wakulima huko Marekani mwaka 1972, na pale ale za Kimarekani zilijengwa juu yake. Ukishaijua Cascade peke yake, Citra itakueleza mengi zaidi.

Sasa lile uliloliruka. Hamira ikianza kazi inatoa joto lake yenyewe, na ndani ya ndoo kunaweza kuzidi chumba kwa nyuzi 3 hadi 5. Chumba chako kikiwa 24, bia inachachuka kwenye 28, na hamira ya kawaida ya ale hapo inatoa pombe kali zinazokwaruza koo na kunuka kama dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Harufu hiyo haiondoki kwa kusubiri. Kwa hiyo bandika kipimajoto ubavuni mwa ndoo, chini kidogo ya usawa wa bia, ukifunike na kitambaa kilichokunjwa mara nne ili kisome ndoo na siyo hewa. Siku 3 za mwanzo kisipite 20. Kikianza kupanda, tia ndoo kwenye beseni la maji, ining'inizie fulana iliyolowa, na badilisha chupa za barafu asubuhi na jioni. Baada ya hapo hata ikipanda hadi 22 hakuna neno, inasaidia kumaliza.

Mama, chumba changu hakishuki chini ya nyuzi 29 na friji la kuwekea ndoo sina. Ninachotaka ni laga. Nipe mbinu.
*Chumba cha Moto*

Mbinu ya kupata laga, bia inayochachukia kwenye baridi, kwenye nyuzi 29 sina, kaka. Hamira ya laga, ile ambayo Emil Christian Hansen aliitenga ikiwa safi katika maabara ya Carlsberg mwaka 1883, inapenda nyuzi 9 hadi 13. Beseni la maji halitakufikisha huko.

Lakini joto lako ni mtaji. Tafuta kveik, hamira za mashambani za Norway, ambazo wapishi wa bia walikuwa wakizikausha na kuzirithishana. Inayopatikana kirahisi ni ya Voss. Hiyo inafanya kazi kwenye nyuzi 30 hadi 40, tena kwa raha, na huacha harufu ya mbali ya chungwa. Kwa lita 20 weka kimea cha pilsner kilo 4 peke yake, hopsi laini gramu 25 kwa dakika 60, nyingine gramu 15 mwishoni. Chemsha dakika 90 bila mfuniko, maana pilsner ikifunikwa huacha harufu ya mahindi ya kuchemsha. Poza hadi 33, tia hamira pamoja na chakula chake (virutubisho vya hamira, kijiko kama pakiti inavyosema, kwa sababu kveik hulegea kwenye bia nyepesi), kisha zungushia ndoo blanketi. Ndiyo, blanketi. Siku chache tu itakuwa imemaliza kazi.

Itakuwa nyeupe, kavu, inayokata kiu. Laga haitakuwa, na usimwambie mgeni kuwa ni laga.

Mama yangu, mume wangu ana ugonjwa wa siliaki, gluteni (protini ya ngano na shayiri) hagusi kabisa. Nilipika bia ya kimea cha mtama kitupu, kilo 5, nikakilaza nyuzi 66 saa nzima kama vitabu vya shayiri vinavyosema. Nikapata maji mazito yenye ukungu, haidromita 1.020, na kuchuja ilikuwa balaa. Safari hii nataka kuweka kilo 8. Nipo sawa?
*Mke wa Mwenye Siliaki*

Dada, kilo usiongeze hata moja. Sukari yako imo humohumo kwenye zile 5, imefungiwa tu.

Wanga wa shayiri huloweka na kufunguka kwenye nyuzi 60 na kitu, joto lilelile ambalo vimeng'enya, vile vinavyougeuza kuwa sukari, vinaufanyia kazi. Wanga wa mtama hutaka nyuzi 68 hadi 78. Ukilaza kwenye 66, vimeng'enya viko macho lakini wanga umejifunga. Ukipandisha hadi 78, wanga unafunguka na vimeng'enya vimekwisha kufa. Ndiyo maana kitabu cha shayiri kilikuangusha. Dawa ni kuvitenganisha kwanza.

Saga kimea, kitie kwenye maji lita 15 ya nyuzi 45, koroga, acha nusu saa au zaidi kitulie. Juu patabaki maji yaliyochujika kiasi, chini uji. Hayo ya juu ndiyo yaliyobeba vimeng'enya. Yachote kwa kikombe taratibu bila kutibua, uyaweke kando kwenye chombo kisafi, na usiyapashe moto kabisa. Kisha rudisha sufuria jikoni na uchemshe uji dakika 20 hadi 30. Hapa mwiko usitoke mkononi: uji wa mtama unashika chini upesi, na ukiungua, moshi huo utaunywa. Utauona unabadilika, unakuwa mzito na kung'aa, unanyanyuka pamoja na mwiko. Wanga umefunguka. Upoze hadi 70, rudisha yale maji, koroga. Mchanganyiko utashuka chini ya 60. Upashe polepole mpaka 65 na uushikilie hapo saa moja na nusu. Ndani ya dakika 10 utaona uji unalegea na kuwa mwepesi. Siku ya kwanza nilipouona ukilegea nilimwita kila aliyekuwa nyumbani aje atazame.

Ili usibahatishe, dondosha matone ya maji hayo kwenye sahani nyeupe, yakipoa tia tone la iodini. Yakigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, subiri. Yakibaki na rangi ya iodini, endelea. Kuchuja kulikuwa balaa kwa kuwa mtama hauna makapi kama shayiri. Changanya viganja vichache vya makapi ya mpunga yaliyooshwa, na utumie mfuko mpana. Bia itaishia juu kidogo kwenye haidromita kuliko ya shayiri, ndivyo mtama ulivyo.

Mawili ya usalama. Kama unaotesha mtama mwenyewe, ukishakauka usugue na kupepeta mpaka vimizizi na machipukizi yote yatoke, kwa sababu humo ndimo inamojaa dhurini, ambayo hutoa sumu ya sianidi. La pili, ndoo, mfuko na mpira vilivyowahi kugusa shayiri usivitumie kwa bia ya mumeo, na hamira soma pakiti: za majimaji nyingine hukuzwa kwenye kimea cha shayiri.

Habari Mama. Bia yangu ina siku 5, kidude cha kutolea gesi kimeacha kutoa vipovu, haidromita ni 1.018. Wageni ni wiki ijayo. Naweza kuitia chupani leo?
*Mwenye Wageni*

Usiitie. Kidude cha gesi si kipimo. Mfuniko ukivuja kidogo tu vipovu vinaacha kuonekana wakati bia inaendelea. Kwa mapishi uliyonitumia ilipaswa kufika 1.012. Hizo pointi 6 zikimaliziwa ndani ya chupa, gesi yake peke yake inazidi ile unayoitaka kutoka kwenye sukari, na chupa inapasuka. Nimeona kipande cha kioo kilichoingia kwenye mlango wa kabati. Subiri hadi usome namba ileile siku 3 mfululizo. Hapo weka sukari gramu 6 au 7 kwa lita, iyeyushe kwenye maji yaliyochemka, tangulize chini ya ndoo safi, kisha shusha bia juu yake kwa mpira bila kurusha povu.

Wageni wanunulie bia.

Hamira ya mkate inafaa?
*Mwokaji*

Inachachusha. Utapata kileo na ukungu usiotulia, na ladha ya unga uliosahauliwa. Pakiti moja ya hamira ya bia, gramu 11 hivi, inatosha lita 20. Nunua hiyo.

Mama, IPA yangu ya ukungu (pale ale yenye hopsi nyingi) ilitoka kama juisi ya embe. Wiki ya tatu chupani imekuwa kijivu cha kahawia na inanuka karatasi lililolowa. Safari hii nataka kutia hopsi kavu, yaani ndani ya ndoo bila kuzichemsha, mara mbili, gramu 200 jumla, ili harufu idumu. Unaonaje?
*Juisi ya Embe*

Tatizo si uchache wa hopsi, ni oksijeni. Bia yenye hopsi nyingi, hasa yenye oti (shayiri ya uji) au ngano, huharibiwa na hewa upesi kuliko zote. Kila ulipofungua mfuniko kutia hopsi na kuchungulia, hewa iliingia. Ukitia mara mbili utafungua mara mbili. Tia mara moja, gramu 100, siku ya tatu wakati hamira bado inafanya kazi, maana hewa kidogo itakayoingia italiwa na hamira. Kisha usifungue tena. Wakati wa chupa, mpira ufike chini kabisa, jaza mpaka karibu na mdomo, gonga kizibo mara moja. Na uinywe mapema. Hiyo si bia ya kuhifadhi.

Angalia pia haidromita baada ya hopsi kavu. Hopsi zina vimeng'enya vyake ambavyo hukata sukari zilizobaki, na bia uliyodhani imemaliza huanza upya.

Bia ikiharibika naweza kuigeuza pombe kali kwa kuikeneka?
*(jina tumelihifadhi)*

Hapana. Katika nchi nyingi ni kosa bila leseni, na mvuke wa pombe jikoni hushika moto. Imwage.

Shikamoo Mama. Nataka stout (bia nyeusi) kubwa ya 1.090 ya kufungua mwisho wa mwaka. Sufuria yangu ni lita 25. Nitie hamira pakiti moja au mbili? Na niilaze muda gani?
*Mwenye Subira*

Marahaba. Jina lako limenifurahisha. Kwa lita 20 ungetaka pakiti mbili, lakini sufuria yako haitabeba kimea cha lita 20 za bia nzito hivyo. Pika lita 10, kimea jumla kilo 4.5, ndani yake shayiri iliyokaangwa gramu 300 na kimea cha chokoleti gramu 200, na pakiti moja itatosha. Kabla ya kutia hamira, mimina maji ya kimea yaliyopoa kutoka ndoo hadi ndoo mara kadhaa yashike hewa. Hapo tu ndipo oksijeni inakaribishwa. Anzia nyuzi 18, na uache nafasi kubwa juu ya bia, maana povu la stout kubwa hupanda hadi kwenye mfuniko na kusukuma kidude cha gesi nje. Ungeweka mpira mpana unaoishia kwenye chupa ya maji.

Ikifika 1.024 itakuwa na kileo asilimia 8.6 hivi. Iache ndoo hiyohiyo wiki 3, itie chupa ndogo, na usifungue ya kwanza kabla ya miezi 3. Ukiniandikia tena, niambie kipimajoto kilisoma ngapi siku ya pili.