Maswali na majibu: Pesa za kilimo za kaunti huamuliwa lini?

Maswali haya yamenifikia kwa ujumbe wa simu, na mengine nimeulizwa ana kwa ana siku za soko. Nimeyafupisha na kuacha majina ya waliouliza.

Swali: Nikienda kwa diwani kuulizia mbolea ya ruzuku, ananiambia hiyo ni ya serikali kuu. Nikienda kwa chifu kuulizia afisa wa kilimo, ananiambia huyo ni wa kaunti. Kilimo ni cha nani hasa?

Wote wawili wamekuambia kweli, mama, ingawa najua kweli hiyo haikujazii gunia. Katiba ya Kenya ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliiachia serikali ya kitaifa sera ya kilimo. Kilimo chenyewe kilipewa kaunti: mazao, ufugaji, masoko ya mifugo, vichinjio vya kaunti, magonjwa ya mimea na wanyama, na uvuvi. Kwa hivyo afisa wa nyanjani, chanjo, josho na miche inayogawiwa wadini ni vya kuuliza kaunti. Mbolea ya ruzuku ni mpango wa serikali kuu. Mfuko wa kilo 50 uliuzwa Sh3,500 mwaka 2022, ukashushwa hadi Sh2,500 mwaka 2023, na chifu amehusishwa kwa sababu ya kuandikisha wakulima. Kaunti inaweza kusaidia kuisogeza mbolea karibu na nyumbani, lakini bei haipangwi na gavana.

Nalisisitiza hili kwa sababu nimekaa katika mikutano ya wadi ambapo saa mbili zimeishia kwenye mbolea, na maafisa waliokaa mbele hawana hata shilingi moja ya mbolea katika vitabu vyao. Chanjo ya ng'ombe, ambayo ndiyo kazi yao, ikatajwa watu wakiwa wameshasimama kuondoka.

Swali: Tulialikwa kutoa maoni kuhusu bajeti mwezi wa Mei. Tulijaza ukumbi, tukaomba pesa za kilimo ziongezwe. Bajeti ilipopita hapakuwa na badiliko lolote la maana. Walitudanganya?

Hili ndilo swali ninalolipokea kuliko mengine yote, nami linaniuma, kwa sababu watu huacha mashamba yao na kulipa nauli kwenda kusema jambo wakati mlango umeshafungwa.

Mwaka wa fedha wa kaunti huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Lakini uamuzi kuhusu pesa hizo huanza karibu mwaka mzima kabla. Kufikia tarehe 1 Septemba, kaunti inatakiwa kupeleka katika bunge lake Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ule ambao watu wa kaunti wanauita ADP. Humo ndimo mradi unapozaliwa. Josho lisilokuwa kwenye mpango huo litahangaika sana kuingia kwenye bajeti baadaye.

Halafu, kufikia tarehe 28 Februari, huja Taarifa ya Sera ya Fedha ya Kaunti. Hii ndiyo inayokata keki: afya ipate kiasi gani, barabara kiasi gani, kilimo kiasi gani. Bunge la kaunti lina siku 14 za kuipitisha. Baada ya hapo kila idara ina kikomo chake, na makisio kamili ya bajeti huletwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili.

Sasa sikiliza sehemu ambayo haitajwi ukumbini. Kanuni za usimamizi wa fedha za kaunti za mwaka 2015 zinasema kwamba madiwani wanapobadilisha makisio hayo, fungu la idara halipaswi kupanda wala kushuka kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Chukua mfano wa idara ya kilimo iliyowekewa kikomo cha Sh300 milioni. Hata ukumbi ujae hadi dirishani mwezi wa Mei, diwani mwenye nia njema kabisa anaweza kuiongezea Sh3 milioni tu. Mnachoweza kubadilisha wakati huo ni mgawanyo ndani ya idara: miche ya parachichi ipungue, chanjo iongezwe. Hilo lina faida, ila silo mliloomba.

Kwa hivyo sitasema mlidanganywa. Nitasema mliitwa kuchagua sahani wakati chakula kimeshapakuliwa, na waliowaita walipaswa kuwaambia hivyo. Ukitaka kilimo kipate fungu kubwa zaidi, fika Januari na Februari. Ukitaka mradi mpya, anza Julai na Agosti, mpango unapoandikwa. Makueni imejulikana kwa kuanzia maoni kijijini kabisa kabla hayajapanda hadi wadi na kaunti. Siyo kaunti tajiri, na sioni kwa nini nyingine zishindwe.

Swali: Josho letu lilijengwa upya, likafunguliwa kwa sherehe. Hadi leo halijaoshea hata ndama. Pesa zimeliwa?

Huenda hazikuliwa, na ndiyo maana jambo hili linaudhi zaidi. Nimewahi kusimama kwenye josho kama lenu. Saruji ilikuwa bado nyeupe, rangi ya mlango haijapauka. Ndani ya shimo kulikuwa na maji ya mvua, na juu yake viluwiluwi. Hatua hamsini kutoka hapo mzee mmoja alikuwa na bomba mgongoni, akipulizia ng'ombe wake wanne dawa ya kupe aliyoinunua kwa pesa zake. Aliniambia alipoteza mtamba kwa ndigana, ugonjwa unaoletwa na kupe, mwezi uliotangulia.

Kilichotokea ni hiki. Bajeti ina mafungu mawili makubwa: matumizi ya maendeleo na matumizi ya kawaida. Ukuta wa josho ni maendeleo. Dawa ya kupe, mshahara wa mhudumu na maji ni matumizi ya kawaida. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwa maendeleo katika kipindi cha miaka kadhaa, na ni sheria nzuri, kwani bila hiyo mishahara ingemeza kila kitu. Lakini imetuzoesha kuona jengo kuwa ndiyo kazi, na dawa kuwa gharama. Mkandarasi hulipwa, utepe hukatwa, na fungu la dawa huwa halikuandikwa kabisa au limepunguzwa kwenye bajeti ya nyongeza.

Vivyo hivyo kwa afisa wa nyanjani. Mshahara wake upo, pikipiki yake ipo imeegeshwa ofisini, lakini petroli haipo. Pakitokea upungufu, petroli na posho za safari ndizo za kwanza kukatwa, kwa sababu mkato huo hauna mtu wa kuupigia kelele. Mimi naona kosa letu wananchi ni kuimba "maendeleo, maendeleo" kana kwamba kila shilingi ya matumizi ya kawaida ni ya chai na mikate ya ofisini. Kwa kilimo, matumizi ya kawaida mara nyingi ndiyo huduma yenyewe.

Wakija kuwaonyesha josho lingine kwenye ramani, waulizeni jambo moja tu: dawa ya mwaka wa pili imeandikwa ukurasa gani?

Swali: Ni kweli kuna sheria inayosema asilimia 10 ya bajeti iende kwa kilimo?

Ni ahadi, si sheria. Viongozi wa Afrika waliitoa mjini Maputo, Msumbiji, mwaka 2003 na kuirudia mjini Malabo, Guinea ya Ikweta, mwaka 2014. Unaweza kumkumbusha gavana wako, lakini huwezi kumshtaki kwayo.

Swali: Kaunti ilituahidi mbegu za mvua za Machi. Zilifika Mei, mahindi yangu yakiwa magotini. Kwa nini kila mwaka?

Kwa sababu kalenda ya pesa na kalenda ya mvua hazisikilizani, na aliye ofisini haumizwi na hilo. Mbegu za Machi inafaa ziwe ghalani Februari. Ili ziwe ghalani Februari, zabuni inafaa iwe imekamilika kabla ya Krismasi. Na mgavi hataki kuleta mali kama kaunti bado haijamlipa deni la mwaka jana.

Pesa nazo hutoka Nairobi kwa awamu, na kila utoaji kutoka Mfuko wa Mapato ya Kaunti lazima uidhinishwe na Mdhibiti wa Bajeti. Mwaka wa fedha wa 2024/25 ulionyesha jinsi mambo yanavyoweza kuharibika. Kaunti zilikuwa zimepangiwa Sh400.1 bilioni. Mswada wa Fedha, ulionuia kuongeza kodi, ukaondolewa Juni 2024, mvutano kuhusu mgao wa kaunti ukadumu kwa miezi kadhaa mwaka ukiwa umeshaanza, na mwisho zikapata Sh387.4 bilioni. Katika hali hiyo mishahara hutangulia. Mbegu husubiri, ila mvua haisubiri.

Hata hivyo, siwaondolei lawama maafisa wa kaunti. Bajeti ikipita Juni, kuna miezi ya kutosha ya kutangaza zabuni mapema na kuipa mbegu nafasi ya mbele katika mpango wa fedha. Na kama zabuni haijatolewa kufikia Januari, ingekuwa heri kuwaambia wakulima wazi wajinunulie, badala ya kuwaacha na ahadi hadi duka la pembejeo limeishiwa.

Swali: Ushuru wa mazao tunaotozwa kizuizini hurudi kwa wakulima?

Hapana, isipokuwa kaunti yenu ina sheria inayolitengea kilimo sehemu yake. Kwa kawaida mapato ya kaunti huingia katika mfuko mmoja na kugawiwa idara zote. Ndiyo maana lori la viazi hulipa ushuru huku likikwama kwenye barabara ile ile. Hili ni la kudai bungeni, sio kwa kijana anayeinua kizuizi.

Swali: Nataka kitabu cha bajeti. Karani ananiambia ni siri ya ofisi. Nifanye nini, na nikikipata niandike nini?

Si siri. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Ikikataa, unaweza kupeleka malalamiko kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki za Kiutawala. Pia tazama ripoti za Mdhibiti wa Bajeti, hutolewa kila robo mwaka. Humo utaona kaunti yako ilipanga kiasi gani kwa kilimo na ilitumia kiasi gani hasa, na mara nyingi tofauti kati ya namba hizo mbili ndiyo habari.

Ukiandika pendekezo, usiandike "tunaomba kilimo kiangaliwe". Taja wadi, taja kitu, taja mwezi: josho la mahali fulani, ng'ombe takriban wangapi, dawa inunuliwe na ifike kabla ya mwezi fulani, mhudumu alipwe kutoka fungu gani. Lipeleke likiwa na sahihi za majirani, nakala mbili. Moja iache kwa karani, nyingine igongwe muhuri wenye tarehe, urudi nayo nyumbani.