Kuwatafuta tuliolelewa pamoja kwa masista: anza na kitabu cha ubatizo

Karibu kila anayeniomba msaada wa kumtafuta mtu aliyelelewa kwenye makao ya watoto ya Kikatoliki huniambia mambo matatu: makao yalifungwa, masista waliondoka, na kumbukumbu hazipo tena. Mawili ya kwanza huwa ni kweli. La tatu mara nyingi si kweli, na ndilo linalowakatisha watu tamaa kabla hawajaandika hata barua moja.

Mimi mwenyewe nililelewa na masista tangu uchanga hadi nilipomaliza shule. Kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikiwatafuta niliolala nao bweni moja, na kuwasaidia wengine kuwatafuta wa kwao. Baadhi tumewapata. Baadhi tumekuta wameshatangulia mbele ya haki. Wapo pia waliojibu kwamba hawataki kutafutwa, na hao nitawazungumzia kwa urefu, kwa sababu wanaotafuta huwasahau.

Watu wengi hukimbilia mafaili ya makao. Ushauri wangu ni kuanza parokiani. Faili la makao linaeleza mtoto aliingiaje na alitokaje. Siku aliyotoka ndiyo siku lilipofungwa. Kitabu cha ubatizo kinaendelea kuandikwa. Papa Pio wa Kumi alitoa agizo mwaka 1907, likaanza kutumika Pasaka ya 1908, kwamba ndoa ya Mkatoliki iandikwe pia kwenye kitabu cha parokia alikobatizwa. Paroko anayefungisha ndoa mahali pengine anatakiwa kupeleka taarifa huko. Sheria ya Kanisa ya 1983 inaendeleza utaratibu huo katika kanuni ya 535: kwenye kitabu cha ubatizo huongezwa kipaimara, ndoa, kuasiliwa, daraja takatifu na nadhiri za daima za utawa. Maana yake, msichana aliyetoka makaoni akiwa na miaka kumi na sita, akahamia nchi ya mbali, akaolewa kanisani na kuchukua jina la mume, bado anaweza kuonekana pale alipobatizwa. Pembeni ya jina lake la utoto patakuwa na mwandiko wa mtu mwingine, wino mwingine, unaotaja tarehe ya ndoa, parokia ilikofungwa, na kwa kawaida jina la mume.

Nimeona mstari wa namna hiyo ukifanya kazi ambayo miaka ya kuuliza watu haikuifanya. Ila elewa kwamba kitabu hicho hakisomwi na kila mtu. Kanuni ya 487 inampa mhusika haki ya kupata nakala ya nyaraka za hadhara zinazohusu hali yake, yeye mwenyewe au kwa mwakilishi wake. Wewe si mhusika. Kwa hiyo usimwombe paroko akupe jina la mume wala jina la parokia. Mwombe hivi: kama kuna taarifa ya ndoa pembeni ya jina hili, tafadhali ipeleke barua yangu iliyofungwa kwa paroko wa huko, amfikishie kama bado anamfahamu. Paroko anayekataa ombi la kwanza, mara nyingi hukubali la pili, kwa sababu halimlazimishi kutoa siri ya mtu.

Ugumu ni kujua alibatizwa wapi. Wengine walibatizwa hospitalini au kwenye parokia ya mama yao kabla hawajafika makaoni. Wengine walibatizwa kwenye kikanisa cha makao, lakini wakaandikwa kwenye kitabu cha parokia iliyozunguka makao, kwa hiyo usitafute kitabu cha kikanisa ambacho huenda hakikuwepo. Mtoto aliyeokotwa, au aliyefika bila cheti, huenda alibatizwa kwa sharti, yaani kwa kauli ya "kama hujabatizwa". Mtoto kama huyo anaweza kuwa kwenye vitabu vya parokia mbili, na ile ya mwanzo ndiyo inayoweza kuwa na jina la mama. Maandishi mengi ya zamani yapo kwa Kilatini. Ukimtafuta Charles, angalia Carolus. William, angalia Guillelmus. Na Jacobus anaweza kuwa James au Jacob. Ukikosa ubatizo, ulizia kipaimara na komunyo ya kwanza. Orodha za watoto wa komunyo ya kwanza zina faida ya pekee: zinawaweka pamoja waliokuwa na umri mmoja, na jina moja unalolikumbuka linakurudishia mengine.

Kumbukumbu za makao yenyewe

Swali la kwanza hapa ni nani alikuwa mwenye makao. Masista kufanya kazi mahali hakumaanishi pamekuwa mali ya shirika lao. Makao yaliweza kuwa ya jimbo la Kanisa chini ya askofu, ya shirika la ustawi la Kikatoliki, au ya serikali iliyowaajiri masista, na kumbukumbu hufuata mwenye mali. Vitabu vya mwaka vya Kanisa, ambavyo nchi na majimbo mengi huchapisha, hutaja taasisi na shirika lililoziendesha. Tafuta toleo la mwaka uliokuwa wewe pale. Ukishajua shirika, mwandikie mtunza nyaraka wa nyumba mama, yaani makao makuu ya shirika, au wa kanda yake. Usishangae ukijibiwa kutoka nchi nyingine. Mashirika mengi yameunganisha kanda zake masista walipopungua, na makabati yakahama pamoja nao.

Kuhusu majina ya masista: sista unayemkumbuka kwa jina la kitawa huenda halitumii tena. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa miaka ya 1960, masista wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Tena jina moja la kitawa liliweza kuwa la masista kadhaa kwa nyakati tofauti. Taja jina, mwaka na kazi yake: aliyekuwa jikoni, aliyetunza wachanga, aliyefundisha kuimba. Kazi hutambulisha kuliko jina.

Barua iwe fupi lakini iliyojaa. Andika majina yote uliyowahi kuitwa, tarehe ya kuzaliwa au makadirio yake, miaka uliyokaa, ndugu zako, bweni lako. Usiseme tu "nataka kumbukumbu zangu". Omba kwa majina: daftari la kuingia na kutoka, faili binafsi, kadi ya afya, picha, barua zilizoandikwa na jamaa. Kisha weka swali hili mwishoni, kwa sababu bila hilo watakujibu "hatuna" na mazungumzo yataishia hapo: kama hamnazo, zilikabidhiwa kwa nani na lini?

Kama makao yalikuwa katika nchi ya Umoja wa Ulaya, sheria ya ulinzi wa taarifa iliyoanza kutumika Mei 2018 inakupa haki ya kupata taarifa zako, na taasisi inatakiwa kukujibu ndani ya mwezi mmoja, ingawa inaweza kuongeza miwili ombi likiwa gumu. Australia, baada ya Serikali kuwaomba radhi rasmi mwaka 2009 watu waliolelewa kwenye taasisi, ilianzishwa tovuti ya Find & Connect, inayoonyesha makao moja moja, walioyaendesha na zilipo kumbukumbu zake. Hata kama hukulelewa huko, ifungue uone jinsi kazi hiyo inavyopangwa. Utajua cha kuuliza kwenu.

Faili likifika, utakuta mistari imezibwa kwa wino mweusi. Hayo ni majina ya watu wengine, wakiwemo wenzako. Inaumiza kuona jina la rafiki yako likiwa limezibwa kwenye karatasi yako mwenyewe, lakini wino uleule unalizuia jina lako lisisomwe na usiowajua. Usilisome faili ukiwa peke yako. Lugha ya mafaili ya zamani ni kali mno: mtoto mkaidi, mtoto mzito wa akili, mama asiye na maadili. Nimemwona mtu mzima mwenye wajukuu akitetemeka kwa sentensi moja iliyoandikwa na mtu aliyemwona kwa dakika chache.

Na usiamini kila kilichoandikwa kuhusu wazazi. Margaret Humphreys, mfanyakazi wa ustawi wa jamii huko Nottingham, alianzisha shirika la Child Migrants Trust mwaka 1987 baada ya kugundua kwamba watoto waliopelekwa Australia kutoka Uingereza, wakiwemo wa makao ya Kikatoliki, wengi waliambiwa ni yatima ilhali wana mzazi aliye hai. Neno "yatima" kwenye daftari ni jambo la kuhakikisha kwenye rejista ya serikali ya vifo. Rejista ya vifo ilimsaidia pia Catherine Corless, mtafiti wa historia ya kwao huko Tuam, Ireland. Alizifuata rekodi za vifo za watoto wa makao yaliyoendeshwa na masista kati ya 1925 na 1961, akapata majina 796. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu "aliyepotea", ulizia kama alifia palepale makaoni. Ni hatua inayoogopwa, na kwa maoni yangu waliofia humo wanastahili kutafutwa kama wengine.

Ndugu waliotenganishwa wana mkondo wao. Makao mengi yaliwatenga wavulana na wasichana, na mvulana alipofikia umri fulani alihamishiwa kwa shirika jingine. Daftari la kutoka huandika alikopelekwa. Ndugu mmoja anaweza kuwa na kumbukumbu kwenye shirika moja na mwingine kwenye shirika la pili, na mashirika hayo hayajawahi kuwasiliana kuhusu familia hiyo. Andika kote.

Tulivyokumbuka sisi ndiyo hazina nyingine. Watoto hatukujuana kwa majina ya ukoo. Kwetu kila nguo ilishonewa namba, ili zisichanganyike kwenye kufua, na namba hiyo ndiyo tuliyoijua kuliko tarehe zetu za kuzaliwa. Nilikuwa namkumbuka rafiki yangu kwa jina la utani na namba ya soksi zake tu. Mtunza nyaraka alipoifungua safu ya namba kwenye daftari la kuingia, jina lake lote likawa mbele yake. Hakunitajia. Alichukua barua yangu na kusema atajaribu, na jibu lilikuja. Kwa hiyo ukiandika, weka namba, jina la utani, upande wa kitanda, hata ugonjwa mliougua pamoja na mkatengwa. Usijihukumie kwamba ni upuuzi.

Kumpata mtu si ruhusa ya kumfikia

Hapa nitasema bila kuzunguka. Wapo waliolelewa nasi ambao hawajawahi kumwambia mume, mke wala watoto kwamba walikulia makaoni. Wapo walioumizwa humo ndani kiasi kwamba jina la makao likitajwa hawalali. Ukipiga simu nyumbani kwake akapokea mwanawe, ukasema "tulilelewa pamoja kwa masista", umemnyang'anya jambo alilolitunza maisha yake yote. Usipige simu. Usibishe hodi. Usiache ujumbe kwa jirani.

Andika barua yenye bahasha isiyo na jina la makao wala shirika. Ndani usitaje mambo ya siri. Mimi huandika hivi: "Naamini tulifahamiana tulipokuwa wadogo. Ningefurahi kusikia habari zako ukipenda. Kama huyu si wewe, au kama hupendi, sitakusumbua tena." Kisha jina langu la utoto na namna ya kunipata. Akijua jina hilo, ameelewa kila kitu. Mwingine akilisoma, hajaelewa kitu. Kama hajajibu, iache. Ukimya ni jibu, na barua ya pili huwa shinikizo. Ukiweza kumpata mpatanishi mwenye uzoefu, mtumie. Ireland, kwa sheria ya mwaka 2022 ya taarifa za kuzaliwa na utafutaji, ina rejista ambayo mtu huandika kama anataka mawasiliano au hataki. Uingereza ina rejista ya mawasiliano kwa walioasiliwa na jamaa zao tangu 1991. Mahali pasipo na utaratibu kama huo, paroko au mfanyakazi wa ustawi wa jamii anaweza kushika nafasi hiyo akielezwa vizuri.

Mtandaoni, weka jina la makao na miaka, basi. Usiweke picha ya kundi yenye majina chini yake. Unayemtafuta akitaka kuonekana, jina la makao litamtosha kukupata. Kundi la waliolelewa pamoja liwe la kufungwa, na anayeingia aulizwe maswali ambayo mgeni hawezi kuyajibu: ngazi ziligeukia wapi, kengele ya asubuhi ilipigwa na nani. Na kabla ya kuwaalika masista wazee kwenye mkutano wenu wa kwanza, muulize kila mmoja pembeni. Mimi ninawapenda baadhi yao hadi leo, lakini mwenzangu aliyelala kitanda cha pili kutoka changu hawezi kukaa nao chumba kimoja. Wote wawili tunasema kweli, na kundi linapaswa kutubeba wote wawili.

Jambo moja unaloweza kulifanya wiki hii, hata kabla hujamtafuta yeyote: andika barua kuhusu wewe mwenyewe. Taja jina lako la utoto, jina la sasa, miaka uliyokaa na namna ya kukupata, na useme wazi ni nani anaruhusiwa kupewa: ndugu tu, wenzako wa bweni, au yeyote anayeuliza. Peleka nakala moja kwa mtunza nyaraka wa shirika aiambatishe kwenye faili lako, na nyingine kwenye parokia uliyobatizwa. Na ukibadilisha namba ya simu, wapelekee mpya.