Simu, mikoko na moyo uliochoka: nawajibu

Makala yangu ya mwezi uliopita, kuhusu kupiga picha za maumbile kama njia ya kuutuliza moyo, yamezaa maswali mengi, na karibu yote yametoka hapa Mombasa na viungani mwake. Nayajibu baadhi. Majina nimeyaacha kwa heshima ya wenyewe.

Mimi ni mama wa watoto wanne, Kisauni. Tangu biashara ianguke silali. Usiku kucha kichwa kinazunguka na deni lilelile. Binti yangu aniambia nitoke nikapige picha za maua. Kweli picha italeta usingizi?

Pole sana, mama. Deni halilipwi kwa picha, na nadhani binti yako analijua hilo. Anachotaka kukuondolea ni huko kuzunguka. Mwaka 2015 Gregory Bratman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwatembeza watu dakika 90: wengine penye nyasi na miti, wengine kando ya barabara yenye magari mengi. Waliopita penye miti walirudi wakiwa wamepungukiwa na mawazo ya kujirudiarudia, na hata vipimo vya ubongo vilionyesha kutulia kwa sehemu inayohusiana nayo. Wale wa barabarani hawakupata nafuu hiyo.

Kamera inaongeza jambo juu ya matembezi: inayapa macho kazi. Ukitoka mikono mitupu, deni linaweza kukufuata hadi ufuoni. Lakini ukiinama mbele ya asumini kumvizia nyuki kabla hajaruka, itakubidi utulize mkono, uzuie pumzi kidogo, ungoje. Kwa sekunde hizo akili haina nafasi ya kupiga hesabu za mkopeshaji. Ukirudia hivyo kwa dakika 20, utakuwa umeipumzisha mara nyingi bila kujilazimisha.

Anzia uani kwako, alasiri jua likishapoa. Mwaka 2019 Mathew White na wenzake waliangalia majibu ya watu karibu 20,000 Uingereza, wakakuta kwamba waliokaa nje kwenye maumbile angalau dakika 120 kwa wiki ndio waliosema zaidi kwamba wana afya njema na wameridhika na maisha. Haikujalisha kama ni kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo. Ni kweli pia kwamba mwenye afya hutoka zaidi, kwa hiyo utafiti huo peke yake hauthibitishi kwamba miti ndiyo iliyowaponya. Lakini dakika 20 za jioni hazikugharimu kitu, mama, na nakusihi ujaribu. Na ikiwa umekosa usingizi kwa wiki nyingi mfululizo, nenda pia kituo cha afya ukaseme wazi kwamba hulali.

Simu yangu ni ya bei ya chini na kamera yake haina nguvu. Nisubiri hadi ninunue nyingine? Kijana, Changamwe.

Usisubiri. Futa lenzi kwa kitambaa laini cha pamba. Hapa kwetu jasho na chumvi ya bahari ndivyo vinavyotia ukungu picha nyingi, na watu hulaumu simu. Usiikuze picha kwa vidole, sogea wewe. Toka kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, maana tuko karibu na ikweta na jua likishapanda vivuli vinakuwa vyeusi na rangi zinafifia. Na kabla hujaanza, weka simu kwenye hali ya ndegeni. Meseji moja ya kazini inatosha kukuharibia asubuhi nzima.

Nafundisha shule ya msingi na nakaa Tudor. Niende wapi bila kulipa kiingilio?

Mwalimu, uko karibu na hazina. Teremka hadi kwenye mkono wa bahari ukaitazame mikoko. Kenya ina aina 9 za mikoko na watu wa pwani wamezipa majina: mkoko wenyewe, mkandaa, mlilana, muia, mchu na nyinginezo. Anza na mchu. Siku isiyo na mvua, geuza jani lake na ulitazame kwa karibu. Utaona chembe nyeupe zinazometa. Ni chumvi: mti huu hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Iguse kwa ulimi uhakikishe. Ukilipiga jani hilo picha jua likiwa ubavuni, chembe zinaonekana moja moja, na simu yoyote inaweza.

Kisha tazama chini. Mizizi ya mchu huchomoza topeni ikiwa wima, kwa mamia, kwa sababu mti unahitaji hewa ambayo tope halina. Katikati yake wanaishi kaa wadogo. Dume ana gando moja kubwa kupita kiasi na hulipunga hewani kuwaita majike. Ukikaribia, wote wanatokomea mashimoni. Chutama, nyamaza, usitikisike. Baada ya dakika chache anachungulia wa kwanza, halafu mwingine, na punde tope lote limejaa tena. Ukiniuliza mimi, tiba yenyewe iko hapo katika kungoja, kabla hujabonyeza chochote. Mtu aliyezoea kukimbizana na kengele na madaftari ya watoto sitini anahitaji mahali ambapo haraka haimpatii kitu.

Ila yajue maji kwanza. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Mombasa hupita mita 3. Siku hizo maji hupwa kabisa kama saa 4 au saa 5 asubuhi, hivyo ukifika saa 2 utayakuta yanatoka. Muulize mvuvi yeyote akuthibitishie. Usiende peke yako, na usikanyage tope usilolijua.

Siku usiyotaka matope, nenda Mama Ngina kwenye mibuyu. Maua ya mbuyu hufunguka usiku na popo ndio huyachavusha. Katika msimu wake, ukifika alfajiri utayaokota chini yakiwa bado meupe. Haller Park kule Bamburi ina kiingilio, lakini ukipata nafasi jipeleke. Lilikuwa shimo la kuchimbia mawe ya saruji, jiwe tupu, hadi René Haller alipoanza kupanda miti mwaka 1971. Mivinje ikastahimili, majongoo wakaletwa wakayala majani yake makavu, udongo ukaanza kujengeka. Sasa ni msitu wenye vivuli vizuri vya kupiga picha.

Na tafadhali sana, ukienda Nyali au Bamburi maji yakiwa yamekupwa, usimtoe kiti cha pweza majini ili umpige picha mkononi. Anapumua kwa maji. Kila nikiona picha hizo naumia, kwa sababu nyingi ni za mnyama anayekufa huku watu wakicheka. Mpige alipo, maji ya kina cha kiganja yako wazi vya kutosha.

Mke wangu alalamika kwamba nikishika simu sioni tena kitu chenyewe. Nani yuko sahihi? Mtwapa.

Bi mkubwa ana hoja. Mwaka 2014 Linda Henkel, mwanasaikolojia wa Marekani, aliwatembeza watu makumbusho. Vitu walivyovipiga picha nzima nzima walivikumbuka vibaya kuliko vile walivyovitazama tu, kana kwamba akili iliiachia kamera kazi ya kukumbuka. Lakini walipoelekeza kamera kwenye sehemu ndogo ya kitu na kuikuza, hasara hiyo haikuonekana. Na wewe pia una lako: mwaka 2016 Kristin Diehl na wenzake walionyesha kwamba mara nyingi wapigao picha hufurahia zaidi wanachokifanya, kwa sababu wamezama ndani yake.

Basi mfikie makubaliano. Mkifika ufuoni, kaeni kwanza na macho yenu, simu mfukoni. Ukiitoa, usilipige pwani zima. Tafuta kitu kimoja, fundo la kamba ya ngalawa au alama za miguu ya ndege mchangani. Na mpe naye zamu ya kupiga.

Nikituma picha zangu mtandaoni na zikapendwa na watu wachache, narudi nyumbani na huzuni kuliko nilivyotoka. Bamburi.

Dada, acha kuzituma kwa muda. Zichape chache, zibandike ukutani, au mtumie mtu mmoja unayempenda na umwambie ulikuwa wapi. Liz Brewster na Andrew Cox wa Uingereza waliwafuatilia watu waliokuwa wakipiga picha moja kila siku, na mwaka 2018 wakaeleza kwamba ile desturi iliwasaidia kujitunza, kuzungumza na wengine na kuzikumbuka siku zao. Ukianza kuuliza wangapi wameipenda, umeirudisha kazini roho uliyoitoa kupumzika.

Askari alinifukuza nikipiga picha ya machweo. Nina kosa gani? Likoni.

Inategemea ulikuwa umesimama wapi. Kivuko, bandari na eneo la jeshi la wanamaji Mtongwe ni sehemu za usalama. Usielekeze kamera huko hata kama jua linazama kwa uzuri gani. Sogea ufukwe wa Shelly. Watu nao waombe ruhusa kabla ya kuwapiga, hasa kina mama na watoto.

Sina hamu ya chochote. Hata kuamka kitandani ni kazi, na siku nyingine natamani nisiamke kabisa. Picha zitanisaidia? Mikindani.

Ndugu yangu, asante kwa kuniandikia jambo zito hivi. Leo sikupeleki kwenye picha. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, leo hii, maneno haya haya uliyoniandikia, na asikuache peke yako. Hospitali ya Port Reitz ina huduma za afya ya akili, na si mbali nawe. Msalaba Mwekundu wa Kenya wana nambari 1199, haina malipo, na utampata mtu wa kuzungumza naye. Unachokieleza ni ugonjwa unaotibika, wala si udhaifu wa imani au uvivu, na yeyote akikuambia hivyo usimsikilize. Kamera itakungoja. Ukishaanza matibabu, iwe ya kusindikiza dawa na mazungumzo, isichukue nafasi yake.

Mama yangu amepooza upande mmoja na hatoki ndani. Tunakaa Mji wa Kale, ghorofa ya pili. Kuna namna ya yeye kufaidi?

Ipo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alichapisha kumbukumbu za wagonjwa waliofanyiwa upasuaji katika hospitali moja ya Pennsylvania. Waliolazwa penye dirisha linaloangalia miti waliruhusiwa mapema kidogo na walihitaji dawa kali za maumivu kwa uchache kuliko walioangalia ukuta wa matofali.

Msogezee kitanda dirishani. Weka kwenye baraza chungu cha maua mekundu, hata haya ya kawaida ya uani. Chozi, wale ndege wadogo, huyafuata wakanyonya asali yake. Kisahani cha maji pia ni kizuri, ila kunguru watakitaka kabla ya wengine, kwa hiyo kiwe kidogo na ukibadilishe kila siku. Simu ifunge kwenye kishikio mbele ya chungu, imwelekee ua, na umpe mama kile kibonye kidogo cha mbali kinachouzwa pamoja na vijiti vya kujipigia picha. Kinabonyezwa kwa kidole kimoja cha mkono mzima. Jioni mkae pamoja mzipitie picha, achague mwenyewe ya kubaki na ya kufutwa. Nyingi zitatoka na ua tupu, ndege ameshaondoka. Usimfutie hizo kabla hajaziona.